Benki na yadi wamenicheleweshea gari hadi Januari, ushuru wa uchakavu wa milioni tatu nimelipa mimi

Wakuu, habari za majukumu.

Gari ninalo. Lipo nje hapa Kibaha, Toyota Fielder haibridi ya 2018, jeupe, cc 1,500, ukiliwasha hata paka aliyelala chini yake hashtuki. Na kila nikiliona roho inaniuma, kwa sababu ndani ya bei yake kuna zaidi ya shilingi milioni tatu ambazo hazikupaswa kuwepo. Waliozisababisha ni wawili, benki iliyonikopesha na yadi iliyoniuzia gari kutoka Japani, na hakuna hata mmoja aliyegusa mfuko wake.

Mimi ni nesi. Kazi yangu ipo Ilala. Zamu ya asubuhi natoka nyumbani gizani, na anayeijua barabara ya Morogoro kuanzia Mbezi kuja mjini hahitaji kusimuliwa foleni. Haibridi nilichagua kwa hesabu, si kwa mkogo: kwenye foleni injini inazima, gari linasogea kwa betri. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei mpya za mafuta nilikuwa nakaa na kalamu na daftari. Miaka miwili nimehesabu hivyo kabla ya kuamua.

Na nilihesabu kalenda pia. Hapa naomba msome taratibu, hasa mnaotarajia kuagiza.

Kwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, gari dogo la abiria likifikisha miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15. Likipita miaka 10 ni asilimia 30. Hawaangalii lilianza lini kutembea kule Japani, wanaangalia mwaka wa kutengenezwa. Kwa hiyo gari la 2018 likiingia Desemba 2025 lina miaka 7, halina uchakavu. Likiingia Januari 2026 lina miaka 8. Gari ni lilelile, kilomita zilezile, tairi zilezile.

Thamani waliyoikadiria TRA kwa gari langu ilikuwa dola 6,000 hivi. Ushuru wa forodha asilimia 25, dola 1,500. Ushuru wa bidhaa kwa injini yenye cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, na hiyo inakatwa kwenye 7,500 (thamani pamoja na ushuru wa forodha), sio kwenye 6,000, yaani dola 375. Halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla yote. Ukiacha tozo ndogo za reli na forodha unapata kodi yote kama dola 3,292. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipata kwenye kikokotoo cha TRA mwezi wa tisa, nikaipiga picha ya skrini, ninayo hadi leo. Ukiweka uchakavu inaongezeka dola 1,125, na VAT inaupandia na huo uchakavu wenyewe, dola 202 nyingine. Jumla ya nyongeza ni dola 1,327. Zibadilisheni wenyewe kwa shilingi.

Kuna watakaoniuliza kwa nini sikununua la 2019. Kwa sababu sikuwa na hela ya la 2019! La 2018 ndilo lililoingia kwenye uwezo wangu hadi shilingi ya mwisho, na hadi tarehe 31 Desemba lilikuwa halidaiwi uchakavu wowote.

Sasa tuanze na benki. Tarehe 8 Septemba nilipeleka maombi ya mkopo wa milioni 20, miezi 48. Hati za mshahara za miezi mitatu, barua ya mwajiri, profoma ya yadi (ankara ya bei ya gari), vyote mkononi. Nikamwambia afisa mikopo kwa mdomo wangu: kaka, hili gari lazima liwe Dar kabla ya mwaka mpya, likichelewa linaongezeka kodi. Akanijibu, "Dada yangu usiwe na wasiwasi, ndani ya siku tano za kazi hela inatoka." Siku ya tisa wakasema faili limekwenda makao makuu. Wiki ya tatu wakasema profoma imepitwa na wakati, nilete nyingine. Profoma ilikuwa na muda wa siku saba, wao ndio waliikalia hadi ikafa! Nikaleta nyingine. Wakasema sahihi ya mwajiri kwenye barua haifanani na ile ya kwenye fomu. Nikaomba ruhusa kazini, nikaifuata sahihi. Hela ilitoka katikati ya Oktoba.

Na ilitoka pungufu. Milioni 19 na nusu. Laki tano ni ada ya kushughulikia mkopo na bima ya mkopo, wamezikata juu kwa juu, lakini riba nalipia milioni 20 kamili.

Halafu riba yenyewe. Kwenye bango pale mlangoni imeandikwa asilimia 9 kwa mwaka, kwa herufi kubwa. Nikaona nafuu. Makato yalipokuja ni 566,667 kila mwezi. Zidisha mara 48, ni milioni 27 na laki mbili. Nikampelekea shemeji yangu mhasibu, akaniambia hiyo 9 inakatwa kwenye milioni 20 zote kwa miaka yote minne, hata mwaka wa nne ambapo deni limebaki dogo. Ukiihesabu kwa deni linalopungua, kama wanavyohesabu mabenki mengine, ni asilimia 16. Kumi na sita! Kuna benki ya pili niliyoikataa kwa sababu walinitajia 15 ya kupungua, nikaona ghali. Nimekimbia nafuu nikafuata ghali kwa sababu ya bango. Ukienda kukopa usiulize asilimia ngapi. Omba jedwali la marejesho, angalia jumla ya mwisho, linganisha jumla kwa jumla kwa miezi ileile.

Yadi nao. Kwenye profoma waliandika gari litasafiri "mara baada ya malipo kuthibitishwa". Malipo yalithibitishwa tarehe 15 Oktoba. Wakaniambia meli ya tarehe 28. Ikapita. Zile siku mtandao ulipozimwa mwishoni mwa Oktoba naelewa, sitawadai, nchi nzima tulikuwa gizani. Lakini mtandao umerudi, tumeingia Novemba, nikaambiwa meli ya tarehe 12, tayari nafasi ipo. Tarehe 13 nampigia kijana wa mauzo, anasema gari halikupata nafasi. Nikamuuliza, je, linasafiri lini? "Mama, tuombe Mungu, ijayo." Nilipopata hati ya meli ndipo nikaona tarehe: limepakiwa Nagoya tarehe 3 Desemba. Kutoka Japani hadi Dar ni wiki tano au sita. Mtu wa yadi, kazi yake ni hiyo kila siku, tarehe 3 Desemba alikuwa anajua kabisa gari la 2018 linakwenda kuangukia Januari. Hakuniambia. Angeniambia ningedai hela yangu, au wanibadilishie la 2019 niongezee kidogo. Na hicho kidogo kisingefika dola 1,327.

Limeshuka tarehe 7 Januari. Siku saba tu! Wakala wa forodha alinitumia makadirio kwa WhatsApp, nikiwa wodini, nimeshika dripu ya mgonjwa kwa mkono mmoja. Nikaona mstari ule, ushuru wa uchakavu asilimia 15. Nikaomba mwenzangu anishikie dripu, nikatoka nje.

Sikuwa na hiyo hela. Akiba yangu ya milioni nne na nusu ilishapangiwa kazi zote: kodi, usajili, wakala, na bima kubwa ambayo benki walisema ni lazima kwa sababu kadi ya gari wanaishika wao. Nikaenda kwenye kikoba chetu, akina mama wakanichangia mkopo wa dharura, Mungu awabariki, na huko nako nalipa riba. Wakati natafuta, gari lipo bandari kavu na tozo ya kuhifadhi inasoma kila siku. Nimelitoa tarehe 30 Januari. Kufikia siku hiyo benki walishanikata Novemba, Desemba na Januari, shilingi milioni moja na laki saba, kwa gari ambalo nilikuwa sijaligusa hata mlango. Hivi sasa baada ya makato ninabaki na theluthi tu ya mshahara, basi.

Nimewafuata wote wawili. Yadi wanasema mambo ya TRA ni ya serikali, hayawahusu. Benki meneja mwenyewe kaniambia, "Mkopo hauangalii meli, mama." Uchakavu ni sheria ya nchi, ipo miaka yote na TRA wala siwalaumu, nimelipa. Ninachodai ni kwa walioijua tarehe, wakaahidi tarehe, wakaivuruga tarehe, halafu gharama yote ikamwangukia asiyekuwa na uwezo wa kuisukuma meli wala faili.

Ambaye yupo njiani na gari la 2019, mwaka wenu wa mwisho ni 2026. Hakikisheni limepakiwa si zaidi ya mwanzoni mwa Novemba, na yadi waandike kwenye mkataba tarehe ya mwisho ya kupakia na kwamba wakiipita uchakavu ni wao. Wakikataa kuandika, ondokeni. Na likifika, kabla ya furaha, mwite fundi afungue chujio la feni ya betri pale pembeni ya kiti cha nyuma. La kwangu lilikuwa limejaa manyoya ya mbwa yaliyoganda kama blanketi, na yadi walishaniandikia kwamba mfumo wa betri umekaguliwa.

Barua ya malalamiko benki nimeipeleka, nimegongewa muhuri wa kupokelewa. Wasiponijibu nakwenda Dawati la Malalamiko la Benki Kuu, maana wanataka uanzie benki yako kwanza, na zipo kanuni za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Ya yadi nataka kuipeleka Tume ya Ushindani, FCC.

Aliyewahi kupita huko akajibiwa, naomba aniambie aliambatanisha nini. Nina profoma zote mbili, picha ya kikokotoo ya Septemba, hati ya meli, meseji za yule kijana wa mauzo, na risiti ya uchakavu. Picha ya lile bango la asilimia 9 sina. Nitapita pale Jumatatu nikitoka zamu ya usiku, niipige.