Lava wanaosafiri mbali na maisha ya spishi

Swali: Wakuu, nina visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka mawe) vya konokono wa baharini. Nitajuaje kama lava wao, yaani watoto wachanga, walielea mbali au walibaki karibu? Na je, hilo lilisaidia spishi isitoweke?

Jibu: Tazama ncha ya kombe kwa hadubini, kombe la utotoni hubaki palepale. Likiwa dogo, lenye mizunguko mingi iliyobanana, lava alikula planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini) huku akichukuliwa na mikondo, pengine wiki kadhaa. Likiwa bonge, lenye mzunguko mmoja au miwili, alilishwa na kiini cha yai. Ncha huwahi kulika, kwa hiyo chagua makombe machanga. Tafadhali usibahatishe kwa ncha iliyosagika!

Jibu: Lava wakielea mbali, spishi huenea kote, na hiyo ni kinga: pwani moja ikiharibika, nyingine huleta lava wapya. Ila wasiosafiri hutengana upesi, hivyo huzalisha spishi mpya nyingi, ingawa kila moja hudumu kidogo.

Jibu: Niongeze, ndugu, kinga hiyo ina mpaka. Mtafiti wa visukuku David Jablonski alionyesha mwaka 1986 kwamba katika maangamizi ya mwisho wa kipindi cha Kretasia, spishi nyingi zilipotoweka kwa pamoja, miaka milioni 66 iliyopita, aina ya lava haikuleta tofauti. Kilichosaidia ni jenasi nzima (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) kuenea maeneo mengi.