Sprinkla za bustani zimeishiwa presha, fundi anataka kufukua mabomba yote. Naombeni ushauri

Mkazi wa Madale:
Wakuu, habari za jioni. Niko Madale, Dar. Bustani ina nyasi za pasipalamu na mfumo wa sprinkla za kuchomoza uliowekwa 2021. Ina kanda tatu, kila kanda vichwa vinane vya kuzunguka. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Yanaingia kwenye tangi la chini la lita 5,000, kisha pampu inasukuma.

Tangu masika yaishe, vichwa vinachomoza nusu na kurudi chini. Vya karibu na geti vinachuruzika tu. Nyasi zinakauka mabaka mabaka. Fundi kaja, kasema mabomba yamejaa chumvi, yafukuliwe yote yawekwe mapya, milioni moja na laki nane pamoja na ufundi. Hii bei ni halali? Nina haraka sana, wakuu. Natanguliza shukrani.

Ngosha Mstaafu:
Ng'oa nyasi, panda matembele na mchicha. Kwangu Mwanza niliweka nyasi nzuri sana, ng'ombe wa jirani wakaingia usiku, asubuhi nikakuta kwato na samadi. Kesi ilifika hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, nikalipwa jogoo. Tangu hapo nalima kinacholiwa.

Mama Wawili:
Huku kwetu maji tunanunua kwa ndoo na kuyabeba kichwani, wewe unanywesha nyasi. Angalau weka bomba nje ya geti, majirani wachote. Utapata thawabu.

Fundi Koki:
Mkuu, usifukue kitu kwanza. Nenda kwenye boksi la valvu, zungusha solenoidi, ile koili ya umeme iliyo juu ya valvu, kwa mkono robo mzunguko. Valvu itafunguka bila umeme. Presha ikiwa dhaifu vilevile, ujue taima na nyaya hazihusiki. Halafu niambie, pampu ni HP (nguvu ya farasi) ngapi?

Mkazi wa Madale:
Nimezungusha, hali ni ileile. Pampu haina shida mkuu, inapandisha maji hadi tangi la juu ya mnara. Shida ni mabomba, na fundi nimeshampa advansi laki sita. Nachouliza ni bei.

Fundi Koki:
Sijauliza kama inafanya kazi. Nimeuliza ni HP ngapi.

Mkazi wa Madale:
Nusu HP. Ya mwanzo ilikuwa moja na nusu, ikaungua kipindi umeme unakatika ovyo. Hii muuzaji alinionyesha kwenye boksi, inapandisha maji mita 35. Bustani ni tambarare, kwa hiyo nguvu ilitakiwa ibaki. Na haili umeme.

Fundi Koki:
Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Hizo mita 35 ni pale maji yanapokuwa karibu hayatoki kabisa. Ukiiachia ikimwaga wazi, pampu ya aina hiyo inatoa lita kama 35 kwa dakika, na presha hapo hamna. Kichwa kimoja cha kuzunguka kinataka lita 8 hadi 10 kwa dakika, kwa presha ya baa (kipimo cha presha) 2 hadi 3. Vinane ni lita 64 hadi 80. Tangi la juu linajaa kwa sababu halina haraka. Sprinkla haisubiri.

Na chumvi ya kisima haizibi bomba zima kwa miaka michache. Inaziba kichujio kidogo kilicho chini ya kichwa. Fungua kichwa, kitoe, kisugue kwa mswaki wa zamani, kiloweke kwenye siki usiku kucha. Kisha kwenye kanda moja ng'oa vichwa sita, ziba nafasi zake kwa kofia za bomba, uache viwili vya mwisho kabisa. Vikirusha, mabomba yako ni mazima.

Kipepeo:
Jamani, hii chai. Huyu huyu mwezi uliopita alifungua uzi analia kodi ya chumba kimoja Tandika. Leo ana kisima, tangi la mnara na kanda tatu za sprinkla? Someni nyuzi zake.

Ngosha Mstaafu:
Nimeenda kusoma. Ni kweli kabisa! Mkuu, tueleze.

Mkazi wa Madale:
Si chai. Nyumba ni ya dada yangu, anaishi Muscat. Nilihama Tandika kuja kumwangalizia. Pesa ya pampu alituma ya kununua ileile ya HP moja na nusu. Tofauti ilienda kwenye ada ya mtoto, na nilipanga kuirudisha. Anarudi mwisho wa mwezi. Kamera inayotazama nyasi nimeielekeza ukutani kwa muda. Ndiyo maana nataka mabomba yabadilishwe, akikuta kazi mpya atatulia.

Mama Wawili:
Mdogo wangu, mpigie dada yako leo. Ada ya mtoto angeielewa. Kamera ya ukutani haielewi mtu.

Kipepeo:
Weka picha ya kibao cha pampu, nitaamini.

Mkazi wa Madale:
Picha hiyo hapo. Na nimejaribu ile ya vichwa viwili. Vimesimama wima na vinazunguka, maji yanafika hadi ukutani. Vichujio vilikuwa na ukoko mweupe na mchanga.

Fundi Koki:
Basi mabomba usiyaguse. Chukua laki sita yako, ongezea, nunua HP moja na nusu pamoja na kifaa cha kuilinda umeme ukiyumba. Fundi mpe nauli na pole ya kuja.

Mkazi wa Madale:
Anasema advansi hairudi, ameshanunua mabomba. Nikimwambia ayalete niyaone, anakata simu.

Ngosha Mstaafu:
Mliandikishiana?

Mkazi wa Madale:
Hapana mkuu. Tunasali naye msikiti mmoja.

Mama Wawili:
Basi mwone imamu Ijumaa, kabla hujampigia dada.