Mrejesho: dondoo la mwarobaini lililogoma kuzuia bakteria

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini dondoo la mwarobaini wa huku Tanga haliachi duara lisilo na bakteria kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria). Ushauri wenu wa kutochemsha majani wala kuyaanika juani umefanya kazi. Nimeanika kivulini siku 10 (kwa unyevu huu wa pwani, bila feni majani yanaota ukungu), nikaloweka gramu 50 kwenye mililita 500 za ethanoli ya asilimia 70 kwa saa 72, nikachuja, nikakausha kwa nyuzi 40.

Stafilokokasi (bakteria wa ngozini): duara la milimita 13; kwenye kisima (tundu la kwenye agari) chenye kiyeyushi peke yake bila dondoo, hakuna duara. E. koli (bakteria wa utumbo) haikutikisika, utando wake wa nje ni kikwazo. Kipimo cha feriki kloridi kimetoa kijani cheusi, basi huenda tanini (kemikali chungu za mimea) zimo. Kipimo cha alkaloidi (kundi jingine la kemikali za mimea) kimenishinda, rangi ya klorofili (kijani cha majani) inaficha mashapo ambayo yangeonyesha kuwa zimo.