Caravan Arusha–Seronera: kilo 15, begi laini, na saa ya kutua

Mpanga_Safari
Wakuu, wageni wangu wawili wanatua KIA (uwanja wa Kilimanjaro) saa 9 alasiri na wanataka kulala Seronera, ndani ya Serengeti, siku hiyohiyo. Kila mmoja ana sanduku gumu la kilo 23, wanaambiwa kwenye Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, mwisho kilo 15. Hakuna namna?

Pangaboi
Piga hesabu mwenyewe. Grand Caravan ya kawaida haitakiwi kuzidi kilo 3,969 inaporuka. Tupu, pamoja na viti na boksi la mizigo la tumboni, inakaribia 2,350. Weka abiria 12 wa wastani wa kilo 75, rubani 80, mabegi 12 ya kilo 15: umefika 3,510. Kilo 459 zilizobaki ndizo mafuta, kama saa mbili na nusu, akiba ikiwemo. Kila abiria akizidisha kilo 8, mafuta ya nusu saa yameondoka.

Halafu kuna joto. Seronera ni takriban mita 1,550 kutoka usawa wa bahari. Ikifika nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi kama ya mita 2,400, na ndege inakimbia sana kwenye changarawe kabla ya kunyanyuka.

Kisongo_Kwanza
Ugumu wa sanduku nao ni tatizo. Boksi la tumboni limegawanywa vyumba vinne, milango mifupi, kila chumba na kikomo chake cha uzito. Begi laini unalisukuma likakaa. Sanduku gumu linabaki nje. Kulirundika nyuma ya viti ndiyo mbaya kabisa, maana mkia unazidiwa. Ile nguzo inayowekwa chini ya mkia wakati wa kupakia si pambo.

Ila mkuu, hao wageni hawafiki hata wakija mikono mitupu. Caravan nyingi zinaondokea Kisongo, kiwanja cha Arusha (ARK), siyo KIA (JRO), na katikati yake kuna jiji zima la Arusha. Seronera haina taa, lazima ndege itue kabla jua halijazama. Walale Arusha, masanduku wayaache hotelini, waruke asubuhi.

Mpanga_Safari
Nimeelewa. Vifaa vya kamera je?

Pangaboi
Vinahesabiwa ndani ya zile 15. Vikizidi, uliza mapema kiti cha ziada cha mzigo. Na usipange gari la Seronera kwa dakika: moja kwa moja ni chini ya saa moja, lakini ikipitia Manyara kushusha watu inachelewa. Mpangilio wa vituo ulizia jioni ya kabla.