Wauza "PC za gemu", zile wati 600 mlizoniuzia ziko wapi?

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nikiwa na pawa saplai mkononi, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, nyepesi kama boksi tupu la viatu, na pembeni yangu kuna kompyuta ambayo kwa wiki tano imekuwa ikizima kila gemu linapoanza kunoga. Wenye roho nyepesi wapite tu, leo sina lugha laini.

Tangazo nililolifuata lilisema: i7, RAM 16, GTX 1060, SSD, pawa wati 600, feni za taa, tayari kwa gemu lolote. (Kwa mgeni: i7 ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta; RAM ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, hapa gigabaiti 16; GTX 1060 ni GPU, yaani kadi ya kuchora picha; SSD ni diski ya kuhifadhia.) Mtu unasoma unaona kila kitu kimetajwa, utauliza nini tena? Nikalipa. Siku ya kwanza ilikuwa raha, taa zinazunguka, chumba kinang'aa kama ukumbi wa harusi. Mdogo wangu akashusha gemu lake, akacheza dakika kama kumi, kimya. Kioo cheusi. Haikukwama, wala haikuleta ile skrini ya bluu. Ilikata moto kabisa, halafu ikajiwasha yenyewe kama vile hakuna kilichotokea. "Kaka, imezima tena." Hilo neno "tena" nimelisikia mpaka nikawa naliota.

Nikampigia muuzaji. Akasema hao ni virusi, boss wangu, piga Windows upya. Nikapiga. Ikazima. Akasema hilo gemu ni zito, jaribu jingine. Nikajaribu jingine, la zamani, ikachelewa kidogo, ikazima. Mara ya tatu akaja na ule wimbo wa mafundi wote waliokosa jibu: umeme wa kwenu unachezacheza. Basi nikakaa na mashine ile mchana kutwa, naandika, naangalia video, nimefungua kurasa thelathini. Haikuzima hata mara moja. Yaani umeme wa kwetu ukiona Word unatulia, ukiona gemu unaanza kuchezacheza!

Hapo ndipo nilipoacha kupiga simu nikaanza kutafuta mwenyewe. Kwenye kumbukumbu za matukio za Windows kulikuwa na kitu kimoja tu kinachojirudia, Kernel-Power, tukio namba 41. Maana yake mashine imewaka baada ya kuzimwa bila kuagwa, basi. Hakuna faili la kosa, hakuna programu iliyolaumiwa. Nikashusha programu ya kupunguza umeme unaoliwa na GPU, nikaibana icheze kwa nusu. Gemu likawa linaburuta miguu, lakini lilikwenda saa mbili bila kuzima. Nikairudisha kawaida, dakika nane, chali.

Nikachukua bisibisi.

Pawa saplai yenyewe imefichwa chini, ndani ya kile kizimba cha bati ambacho mafundi wanasema ni cha urembo wa kuficha nyaya. Kumbe na aibu inafichwa humo humo. Nilipoitoa, upande unaoonekana ukiwa umefungua kasha kuna stika kubwa: 600W, herufi za dhahabu. Upande wa pili, ule uliogeukia bati, ndipo penye kibandiko cha ukweli, maandishi madogo nusura nitumie kioo cha kukuzia. Volti 3.3, ampea 22. Volti 5, ampea 24. Volti 12, ampea 16. Kisha kuna ile hasi 12 yenye nusu ampea, na ya kusubiri ya volti 5 yenye ampea 2.

Tupige hesabu ya shule: volti mara ampea unapata wati. 3.3 mara 22 ni 72.6. 5 mara 24 ni 120. 12 mara 16 ni 192. Hizo mbili ndogo ni 6 na 10. Jumlisha zote, ukusanye na vumbi la chini: wati 400.6. Hata waliochapisha kibandiko hawakuweza kudanganya mpaka ifike 600! Na hapo nimewapa upendeleo, kwa sababu pawa saplai nyingi haziwezi kutoa kila laini (kila volti hapo juu ni laini yake) kwa kilele chake kwa wakati mmoja.

Lakini bado hatujafika penyewe. Kompyuta ya sasa haili kwenye 3.3 na 5, huko ni makombo. Prosesa na GPU vyote vinakula kwenye laini ya volti 12. Yangu ina 192. Prosesa niliyouziwa imeandikiwa wati 65, GTX 1060 imeandikiwa wati 120. Hizo ni 185. Zinabaki wati 7 za kugawana madabodi (ule ubao unaounganisha vyote) na feni zenye taa kama disko. Na hiyo 120 ni ya kawaida. GPU inaweza kuruka juu yake kwa punje ya sekunde, na pawa saplai inatakiwa ihimili mruko huo. Hii haihimili, inakata. Nikajisemea afadhali imekata, maana kuna ambazo hazikati, zinaondoka na madabodi.

Nikaazima ya jirani. Ni wati 550, ndogo kuliko "600" yangu, sivyo? Kibandiko chake: volti 12, ampea 45. Hiyo ni 540 kwenye laini inayotakiwa. Inapima kama tofali. Mdogo wangu kacheza mpaka alfajiri, na kwa mara ya kwanza aliyekuja kuizima ni mimi.

Kuna kitu kingine kwenye ile stika ya dhahabu kilichoniudhi zaidi ya ampea. Wameweka "80%" ndani ya duara, kwa rangi na umbo ambavyo ukiangalia kwa haraka unasema hii ni 80 Plus. Siyo. 80 Plus ni mpango ulioanza 2004 wa kupima kiasi gani cha umeme wa ukutani kinafika kwenye kompyuta badala ya kupotea kama joto. Na hata hiyo halisi inapima ufanisi tu. Haikuambii kama kuna kinga ya shoti, ya mzigo kuzidi au ya volti kupanda. Sasa mtu anaiga hata beji ambayo yenyewe haithibitishi usalama! Ni kama kughushi cheti cha kuhudhuria semina. (Na msije mkazifungua hizi kitu kuchungulia ndani, kapasita zinabaki na chaji hata ukichomoa waya. Kibandiko kinatosha.)

Kwa vile kasha lilikuwa wazi na hasira ipo, nikaendelea. Ningejua nisingeendelea.

RAM 16, kweli zipo. Kwenye kipande kimoja. Nafasi ya pili iko wazi inanikodolea macho. Wasiojua, prosesa hii inasoma RAM kupitia njia mbili. Kipande kimoja kinaifungulia njia moja. Kwa RAM ya kasi ya 2133, njia moja inapitisha karibu gigabaiti 17 kwa sekunde, mbili zinapitisha 34. Vipande viwili vya 8 vingenipa 16 ileile na barabara pana mara mbili. Na kwenye gemu linaloitegemea prosesa unaona kabisa picha inakwamakwama. Kwa nini hakuweka viwili? Kwa sababu tangazo linasema "RAM 16", halisemi vipande vingapi, na hakuna mteja anayeuliza.

i7, kweli ni i7. Ni i7-6700, ya mwaka 2015. Hapa naomba nieleweke, hiyo si prosesa mbovu, ilikuwa mfalme enzi zake. Lakini ina viini 4 (vibarua wake wa ndani) na thredi 8 (kazi wanazoshika kwa wakati mmoja). Core i3-12100 ya 2022 nayo ina viini 4 na thredi 8, na inaiacha mbali, maana kiini kimoja cha sasa kinafanya kazi kubwa kuliko cha wakati ule. Ila andika "i3" kwenye tangazo uone kama kuna atakayekupigia simu. Wauzaji wanajua tumekaririshwa kwamba saba ni kubwa kuliko tatu, kizazi hatuulizi. Na hiyo Windows 11 waliyonipigia wameipitisha mlango wa nyuma, kwani kwa upande wa Intel orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubalika, ukiacha chache sana, inaanzia kizazi cha 8. Hii ni ya 6. Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida umeisha Oktoba 14, 2025.

GTX 1060 nayo, bila shaka, ni ile ya 3GB. Wengi wanadhani tofauti yake na ya 6GB ni kumbukumbu peke yake. Ya 6GB ina vikokotoo 1280, ya 3GB ina 1152. Ni chipu iliyopunguzwa, ikaachiwa jina la dada yake. Hapo simlaumu muuzaji peke yake, watengenezaji ndio waliomfundisha. GT 1030, GPU nyingine ndogo, ilikuja na kumbukumbu ya aina ya GDDR5, mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye aina ya DDR4 na jina lilelile, kasi ya kumbukumbu ikashuka kutoka gigabaiti 48 kwa sekunde hadi karibu 17. Theluthi! Na 2022 tulitangaziwa GPU za RTX 4080 mbili, ya 16GB na ya 12GB, zenye chipu tofauti kabisa, watu wakapiga kelele mpaka ile ya 12GB ikafutwa kabla haijafika sokoni, ikarudi mwaka uliofuata inaitwa 4070 Ti. Kumbe kelele zinasaidia, ndiyo maana na mimi napiga.

Halafu hizo feni. Tatu mbele, zimejipanga nyuma ya kioo kizima kisicho na hata tundu la sindano. Nikachana kipande cha karatasi laini nikakisogeza mbele ya kioo, feni zikiwa kasi ya mwisho. Hakikutikisika. Zinavuta hewa kutoka wapi? Nikaondoa kile kioo cha mbele nikacheza gemu lilelile: GPU ikashuka kutoka nyuzi 83 hadi 72. Yaani mashine inapata nafuu nikiivua nguo walizoivalisha. Na feni hizo sita kwa jumla, na kile kidude chake cha rimoti cha kubadilisha rangi, vimelipiwa na hela ambayo ingenunua pawa saplai ya maana.

Ndiyo maana nasema huu si uzembe wa fundi. Fundi mzembe anakosea popote pale. Huyu kila kilichotajwa kwenye tangazo kakileta, na kila kisichotajwa kakinyofoa. Idadi ya vipande, kizazi cha prosesa, ampea za volti 12, njia ya hewa. Hajanidanganya neno hata moja isipokuwa hiyo 600, na hiyo nayo atasema si yeye aliyeiandika.

Najua mtakuja. "Ungejenga mwenyewe mkuu." Sawa, na wewe viatu unashona mwenyewe? Mtu anayelipia kujengewa analipia ujuzi wa mjenzi, asilipie ujuzi halafu adaiwe awe nao. "Rahisi inagharimu." Haikuwa rahisi. "Ungeuliza." Niulize nini, ndugu yangu, kama hata neno ampea nimelijua wiki iliyopita nikiwa nimelala chini ya meza na tochi mdomoni?

Ninachotaka kwa wauzaji wote mliomo humu, na najua mmo: kwenye tangazo wekeni picha ya kibandiko cha pawa saplai, ule upande wa maandishi madogo. Andikeni jina kamili la prosesa, siyo "i7". Hiyo haihitaji mtaji. Anayeona aibu kupiga picha kibandiko chake anajua kilichoandikwa pale.

Na wewe uliyeniuzia, sikutaji hapa kwa sababu bado nasubiri unirudishie. Uzi huu unausoma, nimekutumia mwenyewe.

MREJESHO, jioni hii: Amenijibu. Kasema yeye ni mtu wa watu, hataki maneno, ataniletea pawa saplai nyingine "kubwa zaidi, wati 750", bure. Nikamshukuru, nikamwomba kitu kimoja, anitumie picha ya kibandiko kabla hajaja. Imepita saa moja na nusu, picha ikaingia. Nimeikuza mpaka mwisho. Ni picha ya boksi, upande wa mbele, na feni yake ina taa.