Tupeane uzoefu: Mombasa, Tanga, Lushoto, Moshi, Taveta mpaka Voi kwa gari la nyumbani

Mkaazi wa Tudor
Assalam aleikum ndugu zangu. Likizo hii nyumbani tumeamua tusiende Nairobi kula nyama na kurudi. Tunataka kuzunguka. Tutoke Mombasa, tuvukie Lunga Lunga, tupite Tanga, tupande Lushoto, tuteremke twende Moshi kuuona mlima, kisha turudi kwa Holili na Taveta mpaka tushukie Voi. Tuko na mama mzee, magoti yanamsumbua, na watoto, na gari ni la viti saba. Nataka tusimame kila palipo na cha kuona. Aliyepita njia hii, yote au kipande, atuambie yaliyomkuta.

Abiria wa Likoni
La kwanza, usipite feri. Siku za likizo utamaliza asubuhi nzima kwenye foleni na mama mzee anaungua jua. Toka na Miritini, shika Dongo Kundu, unatokezea Kibundani na feri hukuigusa.

Mama wa Mtongwe
Maneno gani hayo? Feri ukiiwahi baada ya swala ya alfajiri haina shida, na watoto wanaipenda. Mtu wa Tudor aende mpaka Miritini kupigana na malori ya Changamwe kwa ajili ya kuikimbia feri?

Abiria wa Likoni
Dada, malori alfajiri hiyo umeyaona wapi? Mimi napita kila wiki.

Mama wa Mtongwe
Na mimi nimezaliwa huku.

Mkaazi wa Tudor
Nimewasikia nyote wawili, ahsanteni. Tusogee Lunga Lunga.

Wakala wa Forodha
Hapo Lunga Lunga ndipo watu wetu wanapokwama, maana Tanga tunaihesabu kama kwetu. Tuna shangazi kule, tuna wakwe kule, basi mtu anaondoka kama anayekwenda Mtwapa. Nilikuwa pale nashughulikia mzigo wa mteja, nikaiona familia moja imefika na kila kitu: chupa za chai, mahamri kwenye hotipoti, watoto wamevaa fulana za rangi moja. Gari limeandikwa jina la mjomba. Mjomba yuko Maskati. Baba wa watu amesimama pembeni ya boneti anapiga simu, mjomba naye anaandika barua huko aliko na kutuma picha kwa simu. Afisa anataka barua yenyewe, yenye muhuri wa wakili. Wakageuza, wakaishia Diani. Yule mtoto mdogo alilia mpaka nikamwonea huruma.

Kwa hivyo mwambie kila mtu ndani ya gari awe na pasipoti au pasi ya muda, hata mtoto wa kubebwa. Kadi ya homa ya manjano usiiache. Logibuku iwe ile yenyewe, si nakala. Bima ya kadi ya njano ya COMESA ishughulikie hapa hapa Mombasa kabla hujatoka. Pale mpakani utapewa kibali cha muda cha gari, na hicho kitunze kama pesa, kwa sababu wewe unatokea Holili na huko watakidai. Gari liwe na mtungi wa kuzimia moto na zile pembetatu za kumulika, mbili. Na mifuko ya plastiki usibebee hata ndizi: kwetu imekatazwa tangu 2017, kwao tangu 2019.

Dereva Mstaafu
Ukishaingia Tanzania, kila kijiji kina kibao cha 50, na wanamaanisha 50. Askari mwenye tochi ya kupima mwendo anakaa chini ya mwembe, humuoni mpaka amekunyooshea mkono. Usibishane, ni faini tu na risiti yako. Muheza simama ununue machungwa. Mimi miaka yangu yote ya kuendesha sijakuta machungwa yanayoshinda yale.

Mama wa Mtongwe
Na kabla ya mpaka, usipite Shimoni bila kuingia. Unakata kushoto kutoka barabara kuu, ukifika baharini yapo mapango walimokuwa wakifungiwa watumwa. Watoto wetu wanasoma haya shuleni, na mahali penyewe wako napo karibu hivi hawajapaona. Tanga kuna mapango ya Amboni, ya chokaa, ila huko kuna mahali pa kupenya kwa kuinama mpaka chini. Mama mzee akae nje na mtu wa kumzungumzisha.

Bint Kibokoni
Nilikuwa napita tu, lakini hii Lushoto imenigutua, na nikinyamaza nitakuwa nimewakosea.

Sisi tulikwenda na mama, kaka yangu, mke wake na watoto wao. Kupanda hapakuwa na neno. Tulisimama Irente, pale ukingoni, ukitazama chini unaona mbuga nzima ya Mazinde, barabara ya lami uliyopita asubuhi imekuwa uzi. Mama hakutaka kuondoka. Tukaondoka jioni jioni.

Kaka yangu ni mtoto wa kisiwani. Mteremko anaoujua ni wa daraja la Nyali. Gari lilikuwa la gia za kujibadilisha lenyewe, ameliacha pale kwenye D, na mguu uko juu ya breki tangu Lushoto mjini. Kona baada ya kona. Kabla ya Soni tukaanza kusikia harufu kama makuti mabichi yaliyotiwa moto. Mama akasema kuna watu wanachoma taka. Tukafunga madirisha.

Baada ya Soni nilimuona anakanyaga, anaachia, anakanyaga tena, na goti linakwenda mpaka mwisho. Hakusema kitu. Mimi nimekaa mbele, nikaangalia ile pedali, imelala chini. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili unaona mabati ya nyumba za watu huko chini bondeni. Basi linapanda, linapiga honi kabla ya kona. Mama alielewa kabla ya wote. Akaanza Ayatul Kursi kwa sauti, na yule mtoto wa miaka minne akadhani ni darsa, akawa anafuatisha.

Kaka akavuta gia mpaka 2, injini ikalia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Akateremsha mpaka L. Gari likapungua lakini halisimami. Akawa anavuta breki ya mkono kidogo kidogo, basi likatupita sijui vipi, ndipo akalielekeza gari kwenye mtaro wa upande wa mlima. Magurudumu mawili yakaingia, likajiburura, likasimama limelala ubavu. Mlango wa mama haufunguki. Moshi unatoka kwenye rimu.

Vijana waliokuwa wakiuza peasi kando ya barabara walikuja mbio wamebeba mawe, wakaziba magurudumu kabla hata ya kutuuliza hali. Mmoja akatema mate kwenye rimu, yakachemka papo hapo. Mzee mmoja akatoka nyumbani kwake na viti viwili na jagi la maji, akamkalisha mama. Tulipotaka kumpa chochote alikataa, akasema mgeni ni mgeni. Tukangoja mpaka zikapoa, giza limeingia, kisha dereva wa basi dogo wa huko huko akatuteremshia gari mpaka Mombo, yuko gia ya pili safari nzima, breki anaigusa kwenye kona tu na kuiachia.

Abiria wa Likoni
Subhanallah.

Mama wa Mtongwe
Nimesoma hali nimekaza mguu wa kulia. Alhamdulillah mko salama.

Ami wa Majengo
Poleni sana, mwanangu. Siku nyingine breki zikishika moto, zimwagieni maji, zinapoa mara moja.

Fundi Changamwe
Ami, shikamoo, lakini hilo hapana. Diski ikiwa imeiva hivyo ukaimwagia maji baridi inapinda, au inapasuka. Halafu safari inayofuata usukani unatetemeka na mtu anakuja kwangu kuniuliza amerogwa na nani. Simama, usivute breki ya mkono, weka jiwe, ngoja. Hakuna dawa nyingine.

Na niwaambie kilichomshika huyo kaka. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, na hewa yetu ya pwani ni maji matupu. Yakikaa sana bila kubadilishwa yanakuwa na maji ndani. Breki ikipata moto, yale maji yanachemka, yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Wewe unakanyaga, mguu unayabonyeza mapovu tu, pedali inakwenda chini. Mombasa hujui kwa sababu hakuna mlima wa kukuonyesha. Kila miaka miwili yabadilisheni. Watu wananiletea gari la safari, wananiambia niangalie rejeta na tairi, breki hawataji.

Ami wa Majengo
Kijana, sisi tumeendesha malori hujazaliwa, na maji tumemwaga.

Fundi Changamwe
Lori la enzi zenu lilikuwa na dramu nene za chuma, Ami. Hili la viti saba lina diski nyembamba mbele. Si kitu kimoja.

Ami wa Majengo
Chuma ni chuma.

Dereva Mstaafu
Ami, hapa fundi ana haki. Mlima unaupanda kwa gia gani, uteremke kwa gia hiyo hiyo. Tulifundishwa hivyo.

Mkaazi wa Tudor
Mke wangu ameisoma habari ya Bint Kibokoni, sasa anasema Lushoto tuiruke.

Bint Kibokoni
Msiiruke! Sikuandika kuwatisha. Mama yangu mpaka leo anaitaja ile baridi, na yale maua ya Irente. Liacheni gari Mombo kwa mtu mnayemwamini, mpande na gari la wenyeji. Au pandeni nalo na mteremke asubuhi, gia ya chini, mkisimama Soni kwenye maporomoko ili breki zipumue na nyinyi mpumue.

Mpenda Kilifi
Mimi nauliza kwa nia njema: haya yote ya nini? Mihuri, tochi, milima. Nendeni kaskazini. Asubuhi Jumba la Mtwana pale Mtwapa, mchana Mnarani juu ya mkono wa bahari wa Kilifi, kisha Gede, ambayo tangu 2024 imeingia urithi wa dunia wa UNESCO na watu wa Mombasa hata hawajui. Kesho yake Malindi, kisha Marafa kuangalia lile korongo la Nyari, udongo mwekundu, mweupe, wa manjano. Wagiriama wanasimulia kwamba palikuwa na watu matajiri wakioga maziwa, Mungu akawadidimiza. Fikeni jua linapozama. Na mama mzee Gede anatembea, ardhi ni tambarare, kuna kivuli.

Abiria wa Likoni
Kaulizwa njia ya Tanga, anajibu Malindi.

Mpenda Kilifi
Kaulizwa mahali pa kumpeleka mzee mwenye magoti, na mmempa mapango na breki.

Mkaazi wa Tudor
Usikasirike, ndugu yangu. Gede tutakwenda, wallahi, hiyo ni ya siku moja tu kutoka nyumbani.

Mwana wa Dawida
Mmekaa Lushoto mkasahau kwamba safari inarudi kwetu Taita. Mimi nawaomba kitu kimoja: msiitumie Taveta kama mlango wa kutokea tu. Laleni hapo. Kilimanjaro, mita 5,895 zote, mchana inajifunika mawingu. Mnaweza kuzunguka Moshi siku nzima msiione. Alfajiri kutoka upande wa Taveta inakuwa wazi, nyeupe juu, kabla watu hawajawasha majiko. Kisha nendeni Ziwa Chala. Unapanda kama unakwenda kilimani, ghafla ardhi inakatika na ziwa liko chini, ndani ya shimo la volkeno, maji ya buluu, mpaka wa Kenya na Tanzania umepita katikati yake. Tazameni kutoka juu. Kuogelea hapana, ziwa lile lina historia ya mamba.

Mkitoka Taveta mtapita kilima cha Salaita. Hapo tarehe 12 Februari 1916 Waingereza na Waafrika Kusini waliwapanda Wajerumani wakarudishwa nyuma. Hata ile reli ya Voi kuja Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Wachukuzi waliobeba mizigo ya vita ile walikuwa watu wetu, wa bara na wa pwani, na wengi hawakurudi. Waambieni watoto.

Halafu, kutoka Mbuyuni mpaka Maktau, msipite giza limeingia. Lami ni nzuri, mtu anashawishika kukanyaga, na tembo wanavuka. Ni wekundu kama udongo wenyewe, taa zinamulika miguu tu. Saa kumi jioni muwe mmeshafika Mwatate. Mkiwa na nguvu, pandeni Wundanyi, ila mmeshaambiwa habari za gia.

Mama wa Mtongwe
Sasa hii ndiyo safari. Nataka kuja.

Ami wa Majengo
Niongeze kwa upande wa Voi kuja nyumbani. Simameni Mackinnon Road, kwenye msikiti wa reli. Yupo pale Seyyid Baghali, aliyekuja kutoka Bara Hindi zama za kujengwa reli, na wazee wakituambia karai la udongo lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kuligusa. Tulipokuwa na malori hakuna aliyepita bila kusimama, awe Mwislamu au la. Kuna maji, kuna kivuli, mama atanyoosha miguu. Na fundi, kijana wangu, nitakuletea gari langu Jumatatu uangalie hayo mafuta ya breki.

Fundi Changamwe
Karibu sana, Ami.

Mkaazi wa Tudor
Mungu awalipe. Tumeandika hivi: Dongo Kundu kwenda (Mama wa Mtongwe nisamehe, kurudi si kwa njia hiyo). Kulala Tanga. Gari linabaki Mombo, Lushoto tunapanda na wenyeji. Moshi kulala, Taveta kulala, Chala asubuhi, Mackinnon Road adhuhuri. Logibuku ni jina langu. Mama amesikiliza yote, ameuliza moja tu: kutoka Mombo mpaka Himo, atapata wapi choo kisafi na maji ya kutawadha?

Dereva Mstaafu
Same mjini. Pana petroli, pana hoteli za chai, na misikiti ipo. Fikeni hapo adhuhuri, mjumuishe na alasiri, mpunguze, ndio ruhusa ya msafiri. Na mbebe jagi la plastiki gumu la kwenu wenyewe na kiti kidogo cha kukunja cha mama, maana kutawadha amesimama kwa magoti hayo hataweza.