Strima yangu inavuma: ninunue sapulai ya transfoma au nivumilie?

FundiWaUsiku (Jumapili, saa 4:12 usiku)
Assalamu alaykum wadau, na wengine hamjambo. Nimekwama, na usingizi umenihama. Nimejiundia strima ya muziki: Raspberry Pi 4 (kile kikompyuta cha kibao kimoja), kibao cha DAC, yaani kigeuza namba kuwa sauti, chenye chipu ya PCM5102A, programu ya kuchezea ni moOde. Nyaya za I2S, zile zipelekazo muziki kutoka Pi hadi DAC, nimezitia lehemu kwa mkono wangu, pini ya 12, ya 35 na ya 40. Vyote vimo ndani ya kopo la biskuti la bati, lile la Idd, kwa sababu kisanduku cha plastiki sikukiamini. Kopo laingia kwenye amplifaya ya marehemu baba, hapa nyumbani Mji wa Kale.

Tatizo: nikiwasha tu, spika zinavuma mmmm hata muziki haujaanza. Tena mara mojamoja sauti hukatika kama sekunde hivi, ikarudi. Nimeona mahali sapulai ya transfoma, ya kuilisha Pi umeme badala ya chaja, sh 14,500. Swali langu ni hilo moja, ninunue au nivumilie? Nyumbani sina wa kumuuliza. Mama ashagoma hata kulipangusa vumbi, asema hilo kopo halimpendi.

SautiSafi (saa 4:31)
Shida yako ni chipu. PCM5102A ni ya kuanzia. Tafuta kibao chenye chipu ya ESS Sabre utaniombea dua. Mimi nilikuwa na hiyo yako, nikabadilisha, nikaanza kusikia mpigaji udi akivuta pumzi.

Nahodha77 (saa 4:36)
Akivuta pumzi au akivuta sigara?

MamaSwaleh_Kisauni (saa 4:50)
Mwanangu, 14,500 ni pesa za watu. Kuna redio sokoni za elfu mbili, zaimba vizuri. Marehemu mume wangu alinunua spika kubwa mbili kwa ajili ya harusi ya dadake. Harusi ikaisha, dada akaachika, spika zikabaki sebuleni miaka kumi na moja tukiweka juu yake birika na vyungu vya maua. Kila nikipita naziona pesa zangu zimesimama wima. Fikiri kwanza.

KisimaChaVolti (saa 5:02)
Chipu haina kosa. Ya bei ndogo, lakini yatoa kama volti 2.1, zatosha amplifaya yoyote ya nyumbani. Nijibu matatu kabla hujatoa hata shilingi:
Pini ya SCK (ya mapigo ya saa) ya hicho kibao umeiunganisha na ardhi? Ikiachwa inaning'inia, hiyo chipu huchanganyikiwa.
Sauti ikikatika, ingia kwenye Pi uandike vcgencmd get_throttled, uniletee jibu.
Ukiweka kiganja juu ya kopo, mvumo wabadilika?

Mzee_wa_Kanda (saa 5:20)
Vijana mwahangaika na dijitali. Mimi nina kanda za taarabu za Juma Bhalo nilizozirekodi mwenyewe harusini, redio-kaseti nimeipakata, nimekaa chini kabisa karibu na hamonia. Mara feni yapeleka sauti huku, mara kule. Betri zikaanza kulegea bibi harusi alipoingia, kwa hiyo mpaka leo ukiicheza ile kanda, nyimbo mbili za mwisho zakimbia kama mtu aliyechelewa feri. Lakini ule uhai! Muulize huyo Sabre wako kama aweza.

FundiWaUsiku (saa 5:34)
Mzee wangu, ndizo hizo ninazozitia humo! Baba aliacha kanda sitini na kitu, kuna za Zein l'Abdin na Zuhura Swaleh, chungu nzima za duka la muziki la Mbwana Radio. Nimezihamisha moja moja kwenye flashi, biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde kama CD.
Ndugu Kisima: SCK iko ardhini, niliziba kwa tone la lehemu. Amri imejibu throttled=0x50000. Na nikiweka kiganja juu ya kopo, ndiyo, mvumo wapungua. Kwa hiyo sapulai, sivyo?

KisimaChaVolti (saa 5:41)
Sivyo. Una magonjwa mawili, wewe wataka dawa moja.
0x50000 maana yake tangu ulipowasha, umeme wa Pi umewahi kushuka chini ya volti 4.63, ikabidi ipunguze mbio. Hiyo ndiyo sauti kukatika. Nadhani watumia chaja ya simu na waya mrefu mwembamba. Tafuta chaja ya ampea 3 na waya mfupi mnene. Limekwisha.
Mvumo ni jambo jingine. Mkono wako kupunguza mvumo maana yake lile bati halina pa kwenda ila kwako. Plagi ya amplifaya ina pini ngapi?

FundiWaUsiku (saa 5:58)
Ni ya kawaida tu. Hiyo sapulai muuzaji asema hutoa umeme safi kama wa betri.

KisimaChaVolti (saa 6:00)
Sikukuuliza sapulai.

Nahodha77 (saa 6:03)
Hapa ndipo mgonjwa amwambia daktari "mguu tu" na amefunga leso kichwani.

FundiWaUsiku (saa 6:15)
Sawa. Ina pini tatu, lakini waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, niliutoa. Niliufunga kwa gundi-tepu ndani ya plagi. Msinirukie. Mwanzo strima ilikuwa imeungwa na TV kwa HDMI, na TV yashirikiana waya wa dishi na jirani wa juu. Mvumo ulikuwa kama lori limesimama mlangoni. Nilipokata ule waya ukawa kama friji. Tena nilisoma kwamba ni njia inayojulikana, wengi wafanya. HDMI siku hizi sitii, natumia simu. Na Pi yenyewe ni volti 5 tu, haiwezi kumdhuru mtu.

KisimaChaVolti (saa 6:19)
Mama alisema kopo halimpendi. Alisemaje hasa?

FundiWaUsiku (saa 6:33)
Alikuwa alipangusa kwa kitambaa kibichi, miguu mitupu, hapo sakafuni. Akaondoa mkono ghafla. Alisema "lina mdudu", kama siafu anayetambaa chini ya ngozi. Nilicheka. Nikamwambia ni volti tano, mama, ni kama ya tochi tu.

KisimaChaVolti (saa 6:47)
Usicheke tena. Zima hiyo amplifaya, uchomoe ukutani, kisha usome.
Mdudu hakutoka kwenye Pi. Waya wa sauti una nyuzi mbili: wa ndani wabeba muziki, na ule uliouzunguka, ambao upande mmoja umeshika bati la amplifaya na upande wa pili umeshika bati la kopo lako. Kwa hiyo kopo na amplifaya ni mwili mmoja. Ndani ya amplifaya kuna transfoma inayokula 240 za ukutani, na kila transfoma huvuja kidogo kwenda kwenye bati. Kazi ya waya wa ardhi ni kuuondoa huo uvujaji. Umeukata, basi wangoja mtu. Leo ni kidogo, ndiyo maana ni mdudu. Siku varnishi inayokinga nyaya za ile transfoma ya miaka mingi, katika hewa hii ya chumvi inayokula hata bawaba za milango, ikiachia mahali, kwenye kopo la biskuti patakuwa na 240 nzima.
Na mvumo uliobaki watokana na hilohilo. Ulikata waya kuponya mzunguko wa ardhi, yaani vyombo kushika ardhi kwa njia mbili, uliotokana na HDMI na dishi. HDMI umeshaitoa. Mzunguko haupo tena, lakini jeraha ulilolikata umeliacha wazi.

MamaSwaleh_Kisauni (saa 6:55)
Subhanallah. Kijana, mama yako ni mmoja. Mimi shemeji yangu alishikwa na friji Majengo, ilibidi apigwe kwa ufagio wa mti ndipo aachie. Hakuna muziki ulio mtamu kushinda radhi ya mama.

SautiSafi (saa 7:01)
Bado nasema Sabre ina jukwaa pana zaidi la sauti.

MtwapaMacho (saa 7:10)
Subirini kwanza. Nimekaa kimya nasoma. Akaunti hii ina siku tatu. Mtu amekuja na bei ya sapulai mpaka mia tano ya mwisho, "umeme safi kama wa betri" maneno ya kibandani kabisa. Kisha ana Pi ndani ya kopo la bati lililofungwa, na aendesha kwa simu. Yakhe, bati hufunga Wi-Fi! Mawimbi yapitaje? Hakuna kopo, hakuna mama, kuna muuzaji wa sapulai atuchezea akili. Kesho mtaona tangazo.

Nahodha77 (saa 7:12)
Ndipo hadithi ilipo sasa. Naleta kahawa.

Mzee_wa_Kanda (saa 7:25)
Mimi naamini kanda zake. Mwongo hasemi "sitini na kitu", mwongo husema mia.

FundiWaUsiku (saa 7:40)
MtwapaMacho, Wi-Fi haipiti, wala sikusema yapita. Nilitoboa kopo kwa msumari wa inchi nne, nikapanua kwa bisibisi, nikaingiza waya wa mtandao kutoka kwenye ruta. Simu yaongea na ruta, ruta yaongea na kopo kwa waya. Ule ukingo ulinikata kidole cha shahada, hata sasa naandika kwa kidole cha kati. Kifuniko hakifungi sawasawa, kimeegeshwa kwa sarafu ya shilingi ishirini. Mtu wa kutunga angetunga kopo zuri kuliko hili.
Na kuhusu mama, nimetoka chumbani kwake sasa hivi. Ameniuliza mbona sijalala.

KisimaChaVolti (saa 7:44)
Mita unayo?

FundiWaUsiku (saa 8:05 usiku)
Ninayo. Nimechomeka mara ya mwisho, nimevaa viatu, mkono mmoja mfukoni kama ulivyotufundisha kwenye uzi ule wa pasi. Kutoka kopo mpaka tundu la ardhi la soketi: volti 96 za AC. Nimezima. Nimekaa naitazama tu.

KisimaChaVolti (saa 8:09)
Mita za dijitali huonyesha hata umeme usio na nguvu, usiitetemekee namba. Lakini ingepaswa kuwa karibu na sifuri. Kesho nunua plagi mpya, fungua waya wa kijani na manjano, urudishe. Hakikisha na soketi yenyewe ina ardhi ya kweli, nyumba za zamani huwa na tundu la mapambo tu. Fundi wa stima apime. HDMI usitie. Ukisikia mvumo bado, rudi hapa.
Halafu, hiyo sapulai ni ya ampea ngapi?

FundiWaUsiku (saa 8:13)
Moja na nusu.

KisimaChaVolti (saa 8:14)
Walioiunda Pi 4 wenyewe wasema 3. Ungelipa 14,500 kwa kitu ambacho huenda kingezidisha kukatika. Achana nayo.

FundiWaUsiku (Jumatatu, saa 1:50 usiku)
Wadau nimerudi. Fundi wa stima alikuja baada ya alasiri, soketi ya sebuleni ina ardhi, ya chumbani kwangu haina, nimehamishia amplifaya sebuleni. Plagi mpya, waya umerudi. Kopo mpaka ardhi: mita yasoma sifuri nukta kidogo. Mvumo umekwisha. Si umepungua, umekwisha; nilidhani spika zimekufa mpaka Zuhura alipoanza. Chaja nimeazima ya ampea 3, saa nzima haijakatika. Mama ameligusa kwa ukucha kwanza, kisha kwa kiganja, kisha akalipangusa pande zote akisema "ehe". Sasa ameketi, ataka ile kanda ya harusi yao.

Kuna jambo moja sikulisema. Hiyo sapulai nilishaitolea arbuni ya 5,000 tangu Ijumaa, kabla sijafungua uzi. Nilitaka tu mtu aniambie nimefanya vyema. Muuzaji asema arbuni hairudi, ila kama nitamletea mnunuzi mwingine. Kuna yeyote hapa ahitaji sapulai ya transfoma, volti 5, ampea moja na nusu, mpya kabisa kwenye boksi lake?

MtwapaMacho (saa 1:52)
NILISEMA!